Simenti ya mfupa: si gundi, si saruji, na hatari yake haiko pale mnapoitafuta

Mkorogaji (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila nikipita jukwaa hili la afya nakuta swali lilelile limerudi na sura mpya: "Bibi amevunjika nyonga, daktari anataka kumwekea simenti. Simenti mwilini si sumu hiyo?" Majibu yanayofuata sasa, Mungu atusamehe. Mmoja anasema ni ileile ya kujengea nyumba, mwingine anasema inaleta kansa, wa tatu anamalizia kwa kutangaza dawa yake ya mizizi.

Mimi si daktari. Ni nesi wa thieta. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusimama pembeni ya meza ya vyombo na kukoroga hiyo simenti huku daktari wa mifupa akiidai kwa kunyoosha mkono tu, bila hata kugeuka. Naomba nieleze ninachokijua. Mwenye swali aulize, mwenye nyongeza aongeze. Kaeni mkao wa kula.

Tuanze na jina. Hii si saruji. Ni plastiki, ndugu wa damu na ile inayotengenezwa vioo visivyovunjika kirahisi. Jina lake kamili ni polimethili methakrilati, kwa kifupi PMMA. Ile sehemu ya pinki ya meno ya bandia ya babu yako, inayojifanya ufizi, ni ukoo huohuo.

Inakuja ikiwa vitu viwili: pakiti ya poda, kwa kawaida gramu 40 hivi, na chupa ndogo ya kioo yenye kimiminika, kama mililita 20. Poda ni chembe za plastiki iliyokwisha kuungana kiwandani, pamoja na benzoili peroksaidi ya kuanzisha mmenyuko, na bariamu salfeti au zirkoni dayoksaidi ili daktari aione kwenye eksirei. Nyingine zina antibayotiki humohumo. Kimiminika ndicho chenye monoma, yaani methili methakrilati ambayo bado haijaungana, na kichocheo kidogo, na haidrokwinoni ya kuizuia isigandie ndani ya chupa.

Ukivichanganya unapata kwanza kitu kama uji mwepesi, harufu yake kali, mtu aliyewahi kuingia saluni ya kucha ataijua. Halafu inakuwa nzito, inanata. Nagusa kwa kidole chenye glavu, inavuta nyuzi. "Bado?" Bado. Nagusa tena. Ikiacha kushika glavu nasema tayari, na kuanzia hapo daktari ana dakika chache tu. Chumba kikiwa na joto inaganda haraka, kikiwa baridi inachelewa, ndiyo maana ugomvi wa kiyoyozi thieta hauishi.

Huwa nabakiza kitonge kidogo kwenye vidole. Kinaanza vuguvugu, kinapanda, mpaka unakiweka chini mwenyewe bila kuambiwa. Kikiganda nakigonga kwenye trei: ko, ko. Daktari akisikia mlio huo ndipo anaachia kiungo alichokuwa amekishikilia bila kutikisika. Kumbuka, haikauki kama rangi ya ukutani. Inaganda kwa kuungana.

Na kitu ambacho hata wanafunzi wetu wengi hawakijui: haigundishi. Haishikani na mfupa kama gundi, wala na chuma. Inaingia kwenye vitundu vya mfupa wa sponji, inaganda humohumo, inajifunga kama mizizi kwenye ufa wa jiwe. John Charnley, yule Mwingereza aliyeipa umaarufu kuanzia 1958, aliipata kwa ushauri wa Dennis Smith, mtaalamu wa vifaa vya meno wa Manchester. Kwa hiyo anayesema haijajaribiwa vya kutosha, ajue tangu hapo ni zaidi ya miaka 60.

Gongo la Mzee

Nimekaa siti ya mbele. Tiririka mkuu.

Bi Tausi

Asante mleta uzi, umekuja wakati wake. Mama yangu ana miaka 78, kateleza bafuni, mfupa wa paja umevunjika pale shingoni. Wanataka kumwekea nusu nyonga ya bandia, ya simenti. Nimesoma kwamba ikiganda inafika karibu nyuzi 100 na inaunguza mfupa. Tangu jana sijalala. Ni kweli?

Mkorogaji

Pole sana dada, na mama mpe pole zetu.

Joto lipo, sikufichi. Ukiigandisha bonge mezani inaweza kupanda sana, kiasi kwamba kiwango cha kimataifa cha ISO 5833 kinataka ikipimwa maabara isivuke nyuzi 90. Na mfupa si mvumilivu: ukikaa nyuzi 47 kwa dakika moja tu, seli zake zinaanza kuumia. Protini za mwili zinaharibika kwenye 56 hivi.

Lakini bonge la mezani si simenti ya ndani ya paja. Mle ndani ni tabaka jembamba, milimita mbili tatu. Upande mmoja kuna chuma kinachonyonya joto, upande wa pili kuna mfupa wenye damu inayopita. Waliopima kwenye mpaka wa mfupa na simenti ya wagonjwa halisi wamepata kati ya nyuzi 40 na 56 hivi. Kwa hiyo ndiyo, kuna utando mwembamba wa mfupa unaokufa pale pembeni, na mwili unaujenga upya taratibu. Daktari mwenyewe amekwisha kuuchokonoa na kuuosha mfupa huohuo kabla ya simenti kuingia. Joto si jambo la kukukosesha usingizi. Liko jingine, nitalifikia.

Mwanakemia

Niongezee kwenye sumu, maana ndipo watu wanapochanganya mambo.

Plastiki ikishaganda ni tulivu, mwili unaipuuza tu. Yenye ukali ni monoma, na haiungani yote. Baada ya kuganda hubaki kama asilimia 2 hadi 6 ambayo haijaungana. Sehemu inaendelea kuungana polepole, sehemu inavuja kuingia kwenye damu, na baada ya wiki chache inashuka hadi karibu nusu asilimia. Ile iliyoingia kwenye damu haikai. Mwili unaivunja kama unavyovunja chakula, na mwishoni unaitoa kwa pumzi ikiwa kaboni dayoksaidi.

Kuhusu kansa: shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, limeiweka methili methakrilati kundi la 3, yaani ushahidi hautoshi kusema inaleta kansa kwa binadamu. Kile kichocheo, dimethili paratoluidini, kiliwekwa kundi la 2B, "huenda", kutokana na majaribio ya panya. Kiasi chake ndani ya pakiti ni kidogo mno. Nimekitaja kwa sababu mtu atakuja kukitaja kwa kukuza.

Gongo la Mzee

Sasa kama ni tulivu hivyo, mbona baba mdogo aliingia thieta akiwa anaongea, akatoka amefunikwa? Waliniambia "simenti ilimkataa". Sijawahi kuelewa hadi leo.

Mkorogaji

Pole sana mzee wangu. Hilo ndilo nililokuwa nalifikia, na ndilo hasa lililonifanya nifungue uzi huu.

Watu wanaogopa simenti itakayokaa mwilini miaka 20. Wanaoifanya kazi hii wanaogopa dakika chache tu: kuanzia simenti inaposukumwa ndani ya paja hadi chuma kinapofuata. Hapo presha inaweza kuporomoka, oksijeni ikashuka, moyo ukapoteza mpigo, na wachache moyo unasimama kabisa.

Zamani tuliilaumu monoma, kwamba ndiyo inayolegeza mishipa. Siku hizi lawama kubwa imehamia kwenye shinikizo. Fikiria mfupa wa paja kama chupa ndefu iliyojaa uboho na mafuta. Unasukuma simenti nzito, halafu juu yake unasukuma chuma. Kilichomo kitaenda wapi? Kinaingia kwenye mishipa ya damu, kinapanda hadi moyoni, kinaishia kuziba mishipa midogo ya mapafu. Upande wa kulia wa moyo unashindwa kusukuma. Mwili nao unamwaga histamini na kemikali nyingine zinazoongeza balaa. Kwa hiyo "simenti ilimkataa" si maelezo sahihi, mzee. Uwezekano mkubwa ni mafuta ya uboho wake mwenyewe.

Nitoe takwimu, na nitoe bila kupamba. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2014 ulipitia wagonjwa 1,016 waliovunjika shingo ya paja na kuwekewa nusu nyonga ya simenti. Asilimia 21 walipata dalili ndogo, za kushuka presha au oksijeni kiasi. Asilimia 5.1 walipata za kati. Asilimia 1.7 waliporomoka kabisa hadi kufanyiwa ufufuo. Na hao wa mwisho, asilimia 88 walikuwa wamefariki ndani ya siku 30. Wasiopata dalili zozote, waliofariki ndani ya muda huohuo ni asilimia 5.2.

Wanaoangukia kundi baya mara nyingi ni wazee sana, wenye moyo au mapafu yaliyokwisha kuchoka, au mfupa uliovunjika kwa sababu ya kansa.

Thieta nzuri inafanya nini? Mfereji wa mfupa unaoshwa kwa maji ya shinikizo na kukaushwa, ili mafuta yatoke nje kabla hayajasukumwa ndani. Simenti inajazwa kwa bunduki yake kuanzia chini kwenda juu, hewa isinaswe. Mgonjwa dhaifu hashindiliwi kwa nguvu. Na kuna neno moja ambalo lazima litamkwe. Daktari wa mifupa anasema kwa sauti, "Naweka simenti." Daktari wa usingizi anajibu, kwa sauti vilevile, kwamba amesikia. Presha anaifuatilia kwa karibu, dawa ya kuipandisha iko kwenye sindano, oksijeni imeongezwa. Nimewahi kusimama na simenti tayari mkononi, inanigandia, daktari wa usingizi akasema "ngojeni". Tukaitupa, tukafungua pakiti nyingine. Hakuna aliyenung'unika.

Gongo la Mzee

Nimekusoma. Miaka tisa nimelibeba hili, leo ndio nimepata wa kunielewesha. Asante kijana.

Bi Tausi

Umenitisha zaidi mkuu. Si wamwekee tu zile zisizo na simenti?

Mkorogaji

Swali zuri, na linaulizwa hata na madaktari wenyewe.

Zipo zinazopigiliwa kavu, mfupa unaota na kuzishika. Kwa mtu wa miaka 50 mwenye mfupa mgumu ni chaguo zuri kabisa. Kwa mama wa miaka 78 aliyevunjika kwa kuteleza tu, mfupa wake mara nyingi ni kama biskuti. Kupigilia chuma kikavu pale ni kuomba upasuke, leo au mwezi ujao. Uingereza walilinganisha wagonjwa 1,225 wa miaka 60 na kuendelea, matokeo yakatoka 2022: mfupa kupasuka pembeni ya kiungo bandia ilikuwa asilimia 0.5 kwa wenye simenti na 2.1 kwa wasio na simenti, na wenye simenti waliendelea na maisha vizuri zaidi. Waliofariki ndani ya mwaka hawakuwa wengi zaidi upande wa simenti.

Kwa hiyo hatari ya dakika zile ni ya kweli, na bado kwa mtu kama mama, kuikwepa simenti kuna bei yake.

Kucha Ndefu

Mmenigusa pale kwenye saluni. Mimi ni fundi wa kucha za kubandika, vidole vyangu vimepasuka ncha, vinawasha, daktari wa ngozi kasema aleji. Inahusiana na hii mada au nimeingia uzi usionihusu?

Mwanakemia

Uko mahali pake kabisa. Kucha za kubandika, kujaza meno na simenti ya mfupa, zote ni ukoo wa methakrilati. Ngozi ikishaichukia mmoja, mara nyingi inawachukia na binamu zake. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa ngozi Uingereza kilitoa tahadhari kuhusu aleji hizi za kucha, na walitaja wazi kwamba aliyeipata anaweza kusumbuliwa baadaye na vitu vya hospitali vyenye kemikali hizohizo. Siku ukiandaliwa kwa upasuaji wa kiungo au hata jino, sema mapema. Vivyo hivyo kwa aliyewahi kudhurika na jentamaisini, antibayotiki inayowekwa kwenye baadhi ya simenti hizi.

Mkorogaji

Naunga mkono, na niseme la upande wetu. Monoma inapenya glavu za kawaida za mpira kwa dakika chache. Ndiyo maana tunavaa mbili na kubadilisha ile ya juu baada ya kukoroga. Mvuke wake unawasha macho. Anayevaa lenzi laini za machoni haambiwi akoroge. Kuna vifaa vya kukorogea ndani ya ombwe, simenti inatoka na vitundu vichache vya hewa, kwa hiyo inakuwa imara zaidi, na mvuke unanyonywa usitufikie. Nilianza kazi na bakuli wazi na mwiko. Kurudi jioni kichwa kinagonga nilidhani ni njaa.

Mwanafunzi Makini

Nina swali la kitaalamu kidogo. Kwa nini wasitengeneze simenti yenye joto dogo na monoma kidogo, tukamaliza ubishi?

Mwanakemia

Walitengeneza. Iliitwa Boneloc, ikaingia sokoni Ulaya mwaka 1991. Kwenye karatasi ilikuwa malaika: inaganda kwa joto la chini, inavujisha monoma kidogo. Ukiuliza tu "je, mwili utaipokea?", jibu lilikuwa ndiyo.

Viungo vikaanza kulegea. Fomula ile ilikuwa imepoteza nguvu. Chuma kilikuwa kinazama na kucheza ndani yake. Waliogundua ni Norway, kwa sababu tangu 1987 walikuwa na daftari la taifa linaloandika kila kiungo bandia na hatima yake. Mwaka 1995 ikaondolewa sokoni. Wagonjwa wakarudi thieta kufunguliwa upya, simenti ya zamani ichimbuliwe, jambo ambalo ni baya kwa mwili kuliko joto lote walilokuwa wameepushwa.

Mimi tangu hapo neno "inapatana na mwili" nalisikiliza kwa sikio moja. Inapatana ikiwa imekaa tu kwenye kichupa cha maabara, au ikiwa imebebeshwa mtu anayepanda ngazi? Simenti ikivunjika inatoa vumbi. Vumbi linaamsha seli za ulinzi, zinajaribu kulimeza, zinashindwa, zinaita wenzao, na mwisho mfupa unaliwa pembeni ya kiungo. Bonge zima mwili unalipuuza, lakini vumbi la bonge hilohilo unalipigania. Mwaka 1987 kuna waliofikia kuuita "ugonjwa wa simenti", baadaye ikaonekana plastiki ya kwenye kikombe cha nyonga nayo inatoa vumbi lenye kosa hilohilo, na hata viungo visivyo na simenti vinaugua.

Mwanafunzi Makini

Na zile za kalsiamu fosfeti? Si ndiyo madini ya mfupa wenyewe?

Mwanakemia

Ndiyo, zinaganda bila joto la kutisha na mfupa unazipenda. Kwa kujaza pengo dogo kwenye mfupa uliovunjika ni nzuri. Kwa kushikilia nyonga hapana, zinavunjika kama chaki. Na hata hapo usidanganywe na neno "asilia". Marekani kampuni ya Norian ilijaribu simenti ya aina hiyo kwenye pingili za mgongo bila kibali, ilhali maabara ilishaonyesha inaweza kuigandisha damu. Wagonjwa watatu walifia mezani. Mwaka 2010 kampuni ilikiri makosa, na wakuu wa kampuni mama yake, Synthes, wakaenda jela.

Mpita Njia

Hii ya antibayotiki ndani ya simenti ni ya nini wakati mgonjwa anachomwa sindano?

Mkorogaji

Sindano inazunguka mwili mzima, pale kwenye kiungo inafika kidogo. Mjerumani Buchholz na mwenzake walichapisha 1970 wazo la kuweka jentamaisini humohumo kwenye poda, dawa itoke palepale bakteria wanapotaka kujenga kambi. Jentamaisini inavumilia joto, ndiyo maana inafaa. Inamwagika kwa wingi siku za kwanza, halafu inapungua.

Ila si kila anayetaka amimine tu. Poda ngeni ikizidi, simenti inadhoofika. Kwa kiungo cha kudumu inawekwa kidogo, gramu moja au mbili kwa pakiti. Kile kipande cha muda kinachowekwa wakati wa kutibu usaha ndicho kinachopewa dozi kubwa, kwa sababu kitatolewa. Na kile kidogo kinachoendelea kuvuja baada ya miezi kinaweza kuwafundisha bakteria usugu. Hapo wataalamu bado wanavutana, siwezi kuwaamulia.

Mpita Njia

Na mashine za ukaguzi uwanja wa ndege, simenti inalia?

Mkorogaji

Plastiki hailii. Chuma kilichomo ndicho kitakachokuaibisha.

Bi Tausi

Wakuu, nimerudi. Jana nilimfuata daktari wa usingizi nikamuuliza kama watatamka lile neno wakati wa kuweka. Alinitazama kwanza, halafu akacheka, akaniuliza nimesomea wapi. Akanieleza kila kitu, akaandika pia kwamba mama ana moyo mkubwa kidogo, watakwenda taratibu.

Leo asubuhi wamemfanyia. Presha ilishuka kidogo, wakaipandisha. Ametoka saa tano. Sasa hivi amekunywa uji, anagomba, kesho wanataka kumsimamisha. Anakataa. Anasema hakanyagi chini mpaka simenti ikauke.

Mkorogaji

Alhamdulillah. Mwambie mama haikauki, inaganda, na ilikuwa imeshaganda kabla hawajamshona. Asimame.

Gongo la Mzee

Nimemkubali huyo mama.